MUME WANGU ALIKUWA ANAIMBA, TRAFIKI AKASEMA AMELEWA

"Alikuwa anaimba, Mheshimiwa."

"Nilikuwa naimba wimbo gani?" mume wangu akauliza.

Yule trafiki akasita. Akamtazama hakimu, akamtazama mwendesha mashtaka, halafu akashusha sauti kama mtu aliyekumbuka jambo alilokuwa amelisahau.

"Ule... ule wa kuzikia mtoto mdogo."



Mimi nilikuwa benchi la pili, mama mkwe wangu kanishika mkono tangu asubuhi. Nikasikia ule mkono unaniachia... taratibu, kidole kimoja kimoja.

Hapo ndipo nilipojua. Sikujua ni nini, lakini nilijua.

Ndugu zangu, naitwa Asteria. Tunaishi Mbinga, nyumba yetu iko ukingoni mwa barabara ya kushuka ziwani. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Mume wangu Egidi ni dereva. Anaendesha Canter ya tajiri mmoja, anashuka ziwani kuchukua samaki, anapandisha mjini. Mtu mpole. Pombe aliacha kabla hajanioa, na jumuiya yetu yote kanisani inajua.

Kitu kimoja tu tulikosa. Mtoto.

Tumezunguka hospitali, tumesali, tumechoka. Na mama mkwe hakuwahi kunisimanga, hata siku moja! Wenzangu walikuwa wananionea wivu. "Wewe Asteria una bahati, mama mkwe wako hakuulizi mjukuu."

Kweli hakuniuliza. Sasa najua kwa nini.

Ngoja niende taratibu.

Siku hiyo nilikuwa naanua kahawa, simu ikaita. Namba ngeni.

"Wewe ni mke wa Egidi?"

"Ndiyo."

"Mumeo tunaye hapa kituoni. Ameendesha gari akiwa amelewa."

"Egidi? Egidi huyu wangu?!"

"Mama, njoo na mdhamini."

Walimkuta kwenye zile kona za mlimani. Gari limesimama katikati ya barabara, injini inanguruma, yeye kalaza kichwa kwenye usukani. Basi lililokuwa linashuka lilimkwepa, nusura litumbukie bondeni na abiria wote! Ndiyo maana kesi ikawa kubwa.

Alipotoka kwa dhamana nilimkalisha.

"Egidi, ulikunywa?"

"Sijakunywa, mke wangu. Haki ya Mungu."

"Mbona shati linanuka pombe ya komoni?"

"Kule ziwani kulikuwa na watu wanakunywa. Wakanimwagia."

"Na huu mchanga magotini?"

"Nilisaidia kusukuma mtumbwi."

Nikaamini. Ukimpenda mtu unaamini mpaka mtumbwi ambao hujauona!

Wakili hatukumweza. Egidi akitiwa hatiani, leseni inaondoka, na jela nayo ipo. Tajiri alishasema wazi, dereva mwenye kesi ya ulevi asimwone hata getini. Na sisi kazi nyingine hatuna.

Nikamwambia Egidi, "Utajitetea mwenyewe. Mimi nitakufundisha."

"Utanifundisha umejifunzia wapi?"

"Nitajifunza."

Nikaanza kwenda mahakamani kukaa tu. Kila zikiwapo kesi za barabarani, mimi nipo benchi la nyuma na kitenge changu, nasikiliza. Mlinzi akadhani nimechanganyikiwa.

"Mama, wewe kesi yako lini?"

"Bado haijafika, baba."

Nikaona mengi. Nikaona madereva wanamfokea trafiki, wanamwita mwongo, wanaapa kwa mama zao. Wote walishindwa. Halafu akaja kijana mmoja wa bodaboda, sauti ya chini kama yuko kanisani. "Afande, kipimo kilisoma ngapi?" Trafiki akasema hawakuwa na kipimo. "Kwa hiyo ulijuaje?" Kwa harufu. "Harufu ilitoka mdomoni au kwenye nguo?" Trafiki akaanza kupekua daftari lake.

Yule kijana akarudi nyumbani kwake.

Nikayabeba maswali yale kichwani mpaka kwangu.

Tukawa tunafanya mazoezi jioni, tunapukuchua mahindi. Navaa koti lake la mvua, naweka sufuria kichwani kama kofia, nakuwa trafiki. Jirani yetu Gaudiosa akachungulia uani.

"Heee! Asteria, umeajiriwa lini?"

"Jana, dada. Leseni yako iko wapi?"

"Ninayo ya kupika ugali tu, afande, naomba unisamehe!"

Tukacheka. Egidi naye akasimama, mikono nyuma, kama mshtakiwa kweli.

"Afande, kipimo cha pombe kilisema nini?"

"Kilikuwa kimeharibika."

"Kwa hiyo hukunipima?"

"Sikukupima, lakini pua yangu nzima kabisa!"

Egidi alicheka mpaka akakaa juu ya mahindi, machozi yanamtoka. Jamani... sijamsikia tena akicheka vile.

Ila kuna swali moja lilimshinda. Siku ya kusomewa maelezo ya kesi, walisema kwamba alikutwa anaimba. Mimi nikaona hapo ndipo pa kumbana trafiki.

"Uliimba?"

"...Sikuimba."

"Basi muulize wimbo gani. Kama amedanganya atababaika, atataja chochote."

"Hilo tuliache, Asteria."

"Tuliache kwa nini? Ndilo linalokutoa!"

Akainama, akaendelea kupukuchua. "Haya."

Siku ya kesi ikafika. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini, rozari mkononi. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo Mungu atatenda."

Akanishika mkono, tukaingia.

Shahidi wao alikuwa Koplo Melkior. Kijana nadhifu, hana makuu. Wala sikumwona kama mtu mbaya. Akaapa, akaanza kueleza. Macho ya mshtakiwa yalikuwa mekundu. Ulimi mzito. Aliposhuka garini aliyumba, akashika tairi ili asianguke. Magoti ya suruali yamejaa mchanga, maana yake alishaanguka huko alikotoka. Ananuka pombe ya kienyeji. Ameulizwa anatoka wapi, hakuweza kujibu. Na alikuwa anaimba.

Hakimu akamgeukia mume wangu.

"Mshtakiwa, una maswali kwa shahidi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa." Akamgeukia Koplo. "Shikamoo afande."

Watu wakaangua kicheko!

"Mshtakiwa," hakimu akasema, "hapa hatuamkiani. Uliza."



"Afande, ulinipima kwa kipimo?"

"Hapana. Siku ile hatukuwa nacho."

"Hospitali ulinipeleka?"

"Hapana."

"Harufu ya pombe, ilitoka mdomoni au kwenye nguo?"

Koplo akafikiri. "Ilitoka kwako."

"Kwangu wapi, afande?"

"...Siwezi kutenganisha."

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Huyu jamaa kasoma wapi sheria?" Moyo wangu ukajaa! Nilitamani nigeuke nimwambie, kasomea kwangu.

"Mtu aliyelia, macho yake yanakuwaje?"

"Yanaweza kuwa mekundu."

"Ahsante afande. Mheshimiwa, sina swali lingine."

Nikashtuka. Bado moja! Egidi akanitazama. Mimi nikamkazia macho, nikatikisa kichwa kumwonyesha... bado moja, mume wangu, uliza.

Alinitazama kwa muda. Nikadhani amesahau. Leo najua hakuwa amesahau. Alikuwa ananiomba nimwache.

Mimi nikaitikia tena kwa kichwa.

"Afande..." akamgeukia Koplo. "Unasema nilikuwa naimba."

"Ndiyo. Alikuwa anaimba, Mheshimiwa."

"Nilikuwa naimba wimbo gani?"

Jibu mmeshalisoma.

Koplo akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, "Mheshimiwa, mimi nimekulia kanisani, wimbo ule naujua. Nilidhani ni pombe tu. Mlevi anaimba chochote."

Egidi akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. 

Na mimi pale benchini vitu vikaanza kugeuka kimoja baada ya kingine. Macho mekundu. Ulimi usioweza kutaja alikotoka. Miguu isiyombeba. Mchanga wa magotini. Na ile pombe... kule ziwani wachimba kaburi hupewa pombe wakimaliza kazi, kila anayeenda kuzika anajua.

Kila alichokisema yule trafiki kilikuwa kweli. Kila kitu! Ila haukuwa ulevi.

Ulikuwa msiba.

Hakimu akasema mshtakiwa ana kesi ya kujibu, tupumzike kidogo kisha ajitetee. Watu wakatoka. Nikamfuata mama mkwe kwenye baraza.

"Mama, mtoto wa nani amekufa?"

"Asteria mwanangu... usiniulize hapa."

"Nimeshakuuliza, mama."

Akaizungusha rozari. Akaangalia chini, akaangalia mbali, hakuniangalia mimi.

"Ni mjukuu wangu."

Sikulia. Sijui kwa nini. Nilijisikia kama mtu aliyeitwa jina lake na watu asiowaona.

"Na ulikwenda kuzika?"

"Nilikwenda, nikakaa nyuma kama mgeni."

"Uliniambia umekwenda kwa mjomba."

"Nilikuambia hivyo, mwanangu."

Halafu akanionyesha kwa kidevu. Pembeni, ukutani, alikaa dada mmoja mwembamba, kajifunga khanga nyeusi. "Nimemwita mimi aje ashuhudie. Egidi hataki. Anasema bora afungwe kuliko wewe usikie."

Wasomaji wangu, najua mngekuwa nyinyi mngefanya nini. Hata mimi mkono ulinicheza! Nikamwendea yule dada. Akasimama haraka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Yuliana. Natoka jirani na Liuli."

"Mtoto aliitwa nani?"

Hakutegemea swali hilo. Akajifuta uso kwa pindo la khanga.

"Beata."

"Mkubwa?"

"Alikuwa na miaka minne. Anaongea sana. Kila gari likipita anauliza kama ni la baba."

Mkono uliokuwa unanicheza ukatulia wenyewe.

"Ulijua mimi nipo?"

"Mwanzo alinificha. Baadaye nilijua. Dada, nisamehe..."

"Hayo ya baadaye. Saa hizi mwanaume anafungwa mle ndani kwa sababu alimlilia mwanawe. Ingia ukaseme."

"Amenikataza."

"Mimi mke wake nimekuruhusu."

Tukaitwa. Hakimu akauliza, "Mshtakiwa, utajitetea vipi?"

"Sina cha kusema, Mheshimiwa."

"Una shahidi?"

"Sina shahidi."

"ANAYE!"

Mimi huyo! Sijui nilisimama lini.

"Wewe mama, kaa chini!" karani akafoka. "Nani kakuruhusu kuongea?"

"Nisamehe, Mheshimiwa. Mimi ni mke wake. Shahidi wake yuko nje. Anaogopa kumwita kwa sababu yangu mimi. Naomba mumwambie asiogope, nimeshasikia."

Hakimu akavua miwani. Akamgeukia Egidi.

"Mshtakiwa, mkeo anasema una shahidi. Unaye au huna?"

Egidi akanigeukia. Jamani ule uso... Akatikisa kichwa kukubali, akafunika macho.

Yuliana akaapa. Akaeleza. Kwamba walimzika Beata siku ileile, karibu na ziwa. Kwamba pale kijijini ndugu zake hawakumjua baba wa mtoto, walimjua Egidi kama dereva mnunuzi wa samaki, msamaria mwema tu. Kwa hiyo hakuweza kukaa na wafiwa. Akaomba jembe, akaungana na wachimba kaburi. Alichimba kaburi la mwanawe kama kibarua! Alipomaliza, wakamletea kibuyu cha pombe kama wenzake. Hakunywa. Kikamponyoka, kikammwagikia kifuani. Jeneza liliposhushwa akapiga magoti mchangani, watu wakashangaa, huyu dereva ana huruma kiasi gani! Kisha akapanda gari akaondoka.

 Koplo Melkior alikuwa amevua kofia yake.

Mwendesha mashtaka akasimama. Ilikuwa kazi yake, simlaumu.

"Shahidi, hii hadithi inasikitisha, lakini sisi tunataka ukweli. Unasema huyu ni baba anayempenda mtoto hivyo?"

"Ndiyo."

"Mtoto aliumwa kwa muda?"

"Aliumwa. Waliomtibu walisema nimpandishe juu haraka, hospitali kubwa."

"Na baba yake ana gari, anapita huko kila wiki. Kama kweli ni baba, mbona hakumpandisha?"

Yuliana akageuka. Akanitazama mimi, siyo hakimu.

"Nilitaka kupanda basi. Akasema hapana, mtoto amezidiwa, atakuja na gari. Akasema... njia ya kwenda hospitali inapita mlangoni kwa mkewe. Mkewe anakaa barazani, anaona kila gari. Tusubiri kidogo, mkewe ataenda kwao Mbuji kuchuma kahawa. Akiondoka tu, anakuja kutuchukua."

"Na mkewe alipoondoka?"

"Hakuondoka. Tukasubiri."

Ndugu zangu.

Ile wiki naikumbuka. Egidi alikuwa hali, halali. Kila asubuhi ananiambia, "Mke wangu, nenda Mbuji, mama yako anakusubiri, kahawa inaanguka." Na mimi namwangalia, nasema moyoni, mume wangu anaumwa huyu, nitamwachaje peke yake? Nikawa naahirisha. Nampikia uji. Nampikia kuku. Namwambia, "Siendi popote mpaka nikuone umekula."

Nilibaki kwa sababu nilimpenda.

Na kule chini mtoto alikuwa anasubiri niondoke.

Hukumu sikuisikia vizuri. Nilisikia tu "mashaka", nikasikia "hakupimwa", nikasikia "yuko huru". Watu wakapiga makofi, karani akawanyamazisha. Maswali yangu yalimwokoa. Leseni akarudishiwa.

Nje, Egidi akapiga magoti mbele ya watu.

"Asteria, nipige. Nitukane. Sema chochote."

"Ungemleta, Egidi."

"Ningekuambia nini? Wewe ulilia kila mwezi kwa ajili ya mtoto. Ningekuingizia wa kwangu ndani, nikuambie nini?"

"Ungeniambia, shika huyu mtoto, anaumwa. Basi."

Akanishika miguu.

"Ningempokea dirishani mwa gari kabla hujazima injini. Ningekaa naye hospitali, ningemwogesha. Wewe ningekununia baadaye. Hata miaka ningekununia, Egidi! Lakini yeye angekuwa hai, anauliza magari."

"Niliogopa kukuumiza."

"Umeniogopa mimi, akafa yeye."

Mama mkwe akataka kunishika mkono. Nikauweka nyuma. Kwa heshima, lakini nikauweka nyuma.

Sikurudi nyumbani siku ile. Nilipanda gari la kushuka ziwani na Yuliana. Njiani hatukuongea. Kwao nikajitambulisha, "Mimi ni mama mkubwa wa marehemu. Nimechelewa msiba." Wakanipa mkeka. Nikakaa chini na wanawake, nikalia kwa mara ya kwanza. Nilimlilia mtoto ambaye sikuwahi kumwona, na hakuna aliyenishangaa.

Sasa hivi niko kwetu Mbuji. Egidi anapiga simu, wakati mwingine napokea, tunanyamaza wote mpaka salio linaisha. Hatujaachana, hatujarudiana. Msiniulize nitaamua nini, sijui.

Mtasema mwanamke wa pili, mtasema mama mkwe mnafiki, mtasema mimi mjinga kumwokoa. Semeni tu. Mimi nina moja la kuwaambia wanaume, na nyinyi akina mama mnaowasaidia kuficha.

Mtoto wa nje si kosa la kufukia. Kosa mlishafanya, limeisha. Mkimficha mtoto, kosa linabaki palepale, anayefichwa ni mtoto. Anafichwa jina la baba yake, anafichwa gari la baba yake, anafichwa hata hospitali.

Mleteni nyumbani. Tutapiga kelele, tutavunja sahani, tutarudi kwetu kwa hasira.

Lakini kwanza tutauliza, huyu mtoto amekula?